Mkate wa kukaanga wa Wanavajo uliopikwa kwa mkono wa maandazi: uchambuzi wa kisa

Jiko liko Albuquerque, New Mexico. Ni Jumapili mchana na mezani kuna watu wanane: watu wazima watano na watoto watatu. Mpishi ni mama aliyekulia Kigoma, mtu ambaye maandazi yake huisha kabla chai haijapoa. Watoto walikuwa wameonja taco ya mkate wa kukaanga, yaani mkate uliowekwa nyama, maharage na mboga mbichi juu, kwenye sherehe ya Wanavajo, taifa la wenyeji wa asili wa Marekani, wakaiomba nyumbani. Mama akatafuta vipimo, akanunua kila kitu, akaingia jikoni saa nne asubuhi. Sahani zilifika mezani saa nane kasoro robo.

Mikate mitatu ya kwanza ilifura ikawa mipira mitupu, na nyama ilipowekwa juu ikateremka pembeni. Mitatu iliyofuata ililowa mafuta, na katikati ilikuwa na unga mbichi. Miwili ya mwisho ilitoka na rangi ya kupendeza kabisa, lakini binti mkubwa alipojaribu kuukata wake kwa uma alisema, "Mama, huu haukatiki." Maharage yalikuwa na kiini kigumu. Nyama ilikuwa tamu ila ilikuwa na mchuzi mwingi, na kila mkate uliobaki mzima uligeuka uji ndani ya dakika tano.

Unga haukuwa na kasoro, mafuta yalikuwa mapya, na mpishi si mgeni wa kukaanga. Kasoro karibu zote zilitoka mahali pamoja: mikono iliyozoea maandazi na chapati ilifanya yale inayoyajua, na mkate huu unataka karibu kinyume chake.

Mkate usio na mahali pa kujificha

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwatoa Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, katika ardhi yao na kuwatembeza kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, karibu na Fort Sumner, mashariki mwa New Mexico. Mahali hapo wao hupaita Hwéeldi. Mahindi waliyopanda yaliharibiwa na wadudu, maji yalikuwa ya magadi, na watu wakaishi kwa posho ya serikali: unga wa ngano, mafuta ya nguruwe, chumvi, kahawa. Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwarudisha kwao, na mkate uliozaliwa na posho ile wakaendelea kuupika. Kwa lugha yao huitwa dah díníilghaazh. Leo hupikwa na mataifa mengi ya wenyeji wa Marekani, na mwaka 2005 jimbo la South Dakota liliutangaza kuwa mkate wake rasmi. Wapo wenyeji wanaoukataa, wakisema ni kumbukumbu ya njaa na ni mzigo kwa watu wanaosumbuliwa sana na kisukari. Wapo wanaouona kama mkono wa bibi zao. Wote wana haki ya kusema hivyo, na anayeupika nyumbani kwake afadhali ajue ameshika kitu chenye historia nzito.

Historia hiyo ina maana pia kwenye bakuli la kukandia. Hakuna sukari, tui, hamira, mayai wala iliki. Andazi lililokandwa vibaya bado litaliwa kwa sababu ya utamu na harufu yake. Mkate huu ni unga, chumvi, baking powder na maji, basi kila kosa la mkono linaonekana.

Unga: kosa lililozaa makosa mengine

Mama alitumia gramu 500 za unga, vijiko vya chai vitano vya baking powder na maji mililita 280 tu, kwa sababu alipoongeza kidogo unga ulianza kunata naye akaona umekuwa mwepesi. Kisha akaukanda dakika 12 hadi ukawa laini usoni ila mgumu kama wa chapati, akaufunika dakika tano, akaanza kusukuma.

Kunata huko ndiko kulikotakiwa. Unga wa ngano ukikutana na maji hujenga nyuzi za gluteni, na kadiri unavyokandwa ndivyo nyuzi zinavyokaza. Hamri hukandwa sana kwa faida: hamira hufanya kazi kwa saa nzima au zaidi, na muda huo nyuzi hulegea zenyewe. Baking powder haitoi nafasi hiyo. Inafanya sehemu ya kazi mara tu inapolowa na sehemu iliyobaki inapopata moto. Unga uliokazwa halafu ukapewa mapumziko ya dakika tano bado una hasira: unausukuma unarudi, na ukikaangwa unatafunika kama mpira.

Vipimo vinavyofaa kwa mikate minane huko Albuquerque ni unga mweupe gramu 500 (vikombe vinne vya Kimarekani), baking powder vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa, chumvi kijiko kimoja cha chai, maziwa ya unga vijiko vikubwa vitatu, na maji ya vuguvugu mililita 330 hadi 350. Maziwa si lazima, ila husaidia mkate kupata rangi na kubaki laini. Wengi katika ardhi ya Wanavajo hununua unga wa Blue Bird unaosagwa Cortez, Colorado, na kuuheshimu kuliko mwingine wowote, lakini unga wowote mweupe wa matumizi yote unatosha. Epuka ule mgumu wa mikate ya boflo, na uwe macho sana na ule uliokwisha kuchanganywa na baking powder na chumvi kiwandani. Ukiongeza baking powder juu yake, mkate hutoka na ladha ya sabuni.

Kuhusu vile vijiko vitano: Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Nairobi. Huko juu hewa ni nyepesi, basi gesi ile ile hupanuka zaidi ndani ya unga. Kipimo cha pwani, kijiko kimoja kwa kila kikombe cha unga, hupunguzwa kwa robo. Ukizidisha, mapovu huwa makubwa, huungana, kuta zake hupasuka, na mafuta huingia kwenye nafasi zile. Sehemu ya mafuta yaliyolowesha mikate ya kundi la pili ilipitia hapo.

Namna ya kuchanganya ni fupi kuliko maelezo yake. Chekecha vikavu pamoja, mimina maji yote mara moja, koroga kwa uma mpaka pasiwe na unga mkavu, kisha kunja kwa mkono mara nane au kumi ndani ya bakuli. Basi, koma hapo. Unga utakuwa na mabonge kidogo na utanata vidoleni. Ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika 30, na ukiurudia utaukuta umelainika wenyewe bila kukandwa. Ugawe madonge manane ya gramu 105 hadi 110, uyapake mafuta kidogo, uyaache dakika 10 nyingine. Usilaze unga huu hadi kesho, kwa kuwa baking powder itakuwa imeshachoka.

Kifimbo kirudi kabatini

Mikate mitatu ya kwanza ilisukumwa kwa kifimbo cha chapati hadi ikawa myembamba sawasawa, ikaingia mafutani papo hapo. Ndiyo maana ilifura. Kifimbo hubana uso wa unga pande zote mbili na kuacha unene ule ule kutoka ukingo hadi ukingo. Mvuke wa ndani ukikosa pa kutokea hutenganisha ngozi ya juu na ya chini. Kwa hamri hiyo ni sifa, kwa sababu mtu hulipasua akalichovya kwenye mbaazi za nazi. Mkate wa taco ni sahani. Ukiwa na pango ndani, ngozi ya juu huvunjika kwa uzito wa nyama na mchuzi huzama shimoni.

Donge hunyooshwa kwa mikono. Libonyeze katikati kwa vidole, kisha ulirushe kutoka kiganja hiki hadi kile huku ukilizungusha, liachwe lijivute kwa uzito wake mpaka lifike upana wa sentimita 17 au 18. Katikati pawe na unene wa milimita 3 au 4, ukingo uzidi kidogo. Ukingo huo ndio unaozuia maharage yasianguke. Halafu toboa tundu dogo katikati kwa kidole, kiasi cha punje ya hindi. Wapo wasiotoboa kabisa, lakini kwa anayeanza tundu hilo ni msaada mkubwa: mvuke hupata mlango na katikati huiva pamoja na pembeni. Likifunga kidogo wakati wa kukaanga ni heri, mchuzi hautapita.

Unga mkavu wa kunyunyizia uwe haba mno. Ule unaobaki juu ya donge huanguka mafutani, huungua, na kuacha vidoa vyeusi na uchungu kwenye mikate inayofuata.

Kundi la pili lina kisa chake. Mama alipoona ya kwanza imefura, akasukuma mitatu kwa pamoja akaiweka mezani huku akipunguza moto. Unga ule uliokazwa ukarudi nyuma, kutoka sentimita 15 hadi 12 hivi, na unene ukakaribia milimita 7. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda na watoto wanauliza, akaitumbukiza yote mitatu kwenye karai.

Mafuta

Karai ni chombo kizuri cha maandazi kwa sababu andazi huelea na kugeuka. Mkate mpana hujikunja kwenye mviringo wa karai, na mitatu ikibanana hakuna unaolala. Chombo cha kazi hii ni kikaango kizito cha chuma chenye upana wa sentimita 25 au zaidi, na mafuta ya kina cha sentimita 2.5. Hiyo ni lita moja na robo. Kwa asili hutumika mafuta ya nguruwe. Asiyeyatumia, kwa dini au kwa hiari, atumie mafuta ya alizeti au ya mahindi, na mkate utakuwa mwepesi zaidi kidogo.

Joto ni nyuzi 180 hadi 185 za Selsiasi, na kipimajoto cha jikoni ni fedha iliyotumika vizuri. Bila hicho, dondosha kipande cha unga kiasi cha kunde: kikizama na kuibuka ndani ya sekunde mbili au tatu kikitoa povu jingi, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, subiri. Kikibadilika rangi mara tu kinapoibuka, punguza moto.

Mkate mmoja kwa wakati. Unga una maji mengi, na kuyageuza yale maji kuwa mvuke kunakula joto haraka. Mikate mitatu kwa pamoja, kwenye mafuta yaliyokwisha kupunguzwa moto, ilishusha joto kiasi kwamba mvuke ulitoka kwa unyonge. Mvuke unaotoka kwa nguvu huyasukuma mafuta nje. Ukilegea, mafuta huingia. Tena mafuta mengi huingia baada ya mkate kutolewa, pale mvuke wa ndani unapopoa, kusinyaa na kuyavuta yale yaliyobaki usoni. Kwa hiyo mkate ukitoka ushikilie wima juu ya kikaango kwa sekunde tano, kisha usimamishe kwenye wavu wa chuma. Mama aliilaza juu ya karatasi, mmoja juu ya mwingine. Ya chini ikalowa na ngozi ikanywea.

Ulaze mkate ukianza na ukingo ulio karibu nawe na kumalizia na ule wa mbali ili mafuta yasikurukie. Umwagie mafuta ya moto juu kwa kijiko mara mbili tatu. Dakika moja hadi moja na robo kila upande inatosha, na ugeuze mara moja tu.

Sasa ile miwili migumu. Baada ya kuona unga mbichi, mama aliamua kungoja rangi. Rangi aliyoingoja ilikuwa ya andazi, ule wekundu wa kahawia unaoletwa na sukari na tui. Mkate usio na sukari hauwezi kuifikia kwa muda ule ule. Mpaka uifikie, dakika tatu kila upande, umeshakauka hadi ndani. Rangi ya mkate huu ni ya dhahabu yenye vidoa vya kahawia pale palipofura, na pembeni hubaki weupe kidogo. Jicho la mpishi wa maandazi litauona haujaiva. Bonyeza katikati kwa mgongo wa kijiko: ukibonyea na kurudi taratibu, utoe. Hili ndilo gumu kuliko yote kujizoeza, gumu kuliko tundu na kuliko kipimajoto, kwa sababu jicho la mtu aliyekaanga miaka 20 halikubali kubishiwa.

Kwa usalama, mfuniko wa kikaango uwe karibu. Mafuta yakishika moto, zima jiko na funika. Maji yasisogee hapo kamwe.

Maharage na nyama: hapa mkono wa nyumbani ulikuwa na haki

Vipimo alivyovipata mama vilimwambia aweke maharage ya pinto, nyama ya kusaga, nyanya na viungo chunguni pamoja, yachemke saa mbili na nusu. Nafsi yake ilimwambia achemshe maharage kwanza, aunge baadaye, kama maharage yanavyopikwa kwao siku zote. Hakuifuata, na hapo alipotea. Asidi ya nyanya huzuia ganda na nyama ya haragwe kulainika, na kwenye mwinuko ule maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo kazi huchelewa zaidi. Chemsha kwanza, unga baadaye. Kwa watu wanane, gramu 300 za maharage makavu zinatosha. Loweka usiku kucha kwenye lita moja na nusu ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja na nusu cha chumvi, maana chumvi hiyo hulainisha ganda. Asubuhi mwaga maji, suuza, chemsha kwa maji mapya. Panga saa mbili hadi tatu, au tumia sufuria ya presha upate nusu saa.

Nyama ya kusaga gramu 700. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa, tia nyama, iache ikauke maji na ishike rangi kabla ya kuivuruga sana. Ongeza punje tatu za kitunguu saumu, bizari nyembamba (uzile, kwa watu wa Unguja) kijiko kimoja cha chai, na pilipili nyekundu ya New Mexico ya unga vijiko vikubwa viwili. Pilipili hiyo si kali sana na ina harufu ya tunda lililokaushwa. Usiweke pilipili kichaa au pilipili mbuzi kwa kipimo hicho, chakula hakitalika. Kisha nyanya ya kopo vijiko vikubwa viwili, maji mililita 250, na maharage yaliyoiva na kuchujwa. Ponda theluthi ya maharage kwa mwiko ili yashike nyama.

Mchuzi ndio tabia nyingine iliyomponza. Kwa wali au ugali, mchuzi mwingi ni ukarimu. Juu ya mkate wa kukaanga ni mafuriko. Acha ichemke bila kufunikwa hadi ukivuta mwiko chini ya sufuria uache njia inayofunga polepole.

Juu yake huwekwa vitu vibichi: letasi moja ndogo iliyokatwa nyembamba na kukaushwa vizuri, nyanya nne zilizotolewa mbegu, kitunguu kibichi, jibini ya manjano ya kukwaruza gramu 200, na pilipili ya kijani ya kuchoma kwa anayetaka. Utaratibu una sababu. Nyama ya moto kwanza, jibini papo hapo iyeyuke na kuwa kama kifuniko, kisha letasi na nyanya. Letasi ikigusa mkate moja kwa moja, maji yake huulegeza. Pawa moja na nusu ya nyama kwa mkate mmoja inatosha, na mkate mmoja unamtosha mtu mzima. Watoto wa mezani hapo wangetosheka na mkate wa gramu 60.

Mara ya pili

Wiki mbili baadaye familia ile ile ilikaa mezani, na safari hii kazi ilipangwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, chakula kikihitajika saa saba mchana. Maharage yalilowekwa Jumamosi usiku na kuwekwa jikoni saa tatu asubuhi. Saa tano unusu nyama ilianza. Saa sita kamili unga ulichanganywa, vitu vibichi vikakatwa wakati unga umepumzika. Saa sita na dakika 40 mafuta yalikuwa na joto. Mikate minane, kila mmoja dakika mbili na nusu, na kati yao nusu dakika ya kungoja joto lirudi, ilichukua dakika 25. Iliyotoka mapema ilisimamishwa kwenye wavu ndani ya oveni ya nyuzi 95.

Mkate wa kwanza bado ulifura upande mmoja, kwa sababu tundu lilikuwa dogo mno likaziba. La pili likatobolewa pana zaidi. Kuanzia hapo mikate ililala, katikati ikaiva, na uma wa binti ukakata bila kushindana. Mama alitoa mitatu akiwa na hakika kwamba ni mibichi, akamwachia mume wake aionje, ilikuwa imeiva.

Donge moja lilibaki kwa sababu mtoto mdogo alishiriki mkate wa dada yake. Lilikaangwa mwishoni, likapakwa asali na chumvi kidogo lingali moto. Na wenyeji pia huula mkate huu kwa asali.